Hedhi Kuchelewa Ukiwa Kwenye Sindano za Kulaza Ovari: Mwongozo Kamili kwa Anayepitia IVF

Ulianza sindano za kulaza ovari, ukaambiwa hedhi itakuja ndani ya wiki moja hadi mbili, kisha uje upigwe ultrasaundi na uanze sindano za kukuza mayai. Tarehe imefika, imepita, na pedi bado iko kwenye mkoba vilevile ulivyoiweka. Ruhusa kazini umeshaomba, nauli umeshalipa, na kila ukienda chooni unaangalia. Katika kazi yangu ya kuwahudumia wanawake wanaopitia IVF, yaani kurutubisha yai nje ya mwili, simu ya namna hii ni miongoni mwa zile ninazopokea mara nyingi zaidi, na anayepiga karibu kila mara anaamini kwamba mzunguko wote umeshaharibika.

Mara nyingi haujaharibika. Sindano hizi hazitolewi ili upate hedhi. Zinatolewa ili ovari zilale na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi uwe mwembamba, na damu ni dalili mojawapo tu kwamba hayo yametokea. Jibu lenyewe liko kwenye ultrasaundi na kipimo cha homoni. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa rahisi kuzielewa.

Mwongozo huu unamhusu anayetumia mpango mrefu wa IVF, yaani aliyeanzishiwa buserelini (Suprefact), triptorelini (Decapeptyl), lyuprolidi (Lupron) au dawa nyingine ya kundi hilo, mara nyingi karibu na siku ya 21 ya mzunguko. Unamhusu pia anayelazwa ovari ili apandikiziwe kiinitete kilichogandishwa. Kama umeanza moja kwa moja na sindano za kukuza mayai, na ile ya kuzuia mayai yasitoke mapema ukaongezewa katikati, huo ni mpango mwingine.

Kwanza elewa kinachoendelea mwilini

Ubongo hutuma ujumbe wa homoni kwa tezi ndogo iliyo chini yake, pituitari, kwa vipindi, na pituitari nayo hutoa homoni za FSH na LH zinazoamsha ovari. Dawa unayojidunga inafanana na ujumbe huo, ila yenyewe haipumziki. Siku za mwanzo pituitari huitikia kwa nguvu na kumwaga FSH na LH nyingi kuliko kawaida. Baada ya hapo ni kama mtu anayeitwa jina lake mfululizo mpaka anaacha kuitika: inanyamaza, na ovari zinalala. Kwa kawaida hilo huchukua siku 10 hadi 14.

Kwa nini mtu alazwe ovari halafu aamshwe tena? Kwa sababu bila kizuizi, LH inaweza kupanda ghafla katikati ya matibabu na mayai yakatoka kabla hayajavunwa. Zamani takriban mzunguko mmoja kati ya mitano ulikuwa ukiahirishwa kwa sababu hiyo. Mwaka 1984 madaktari wa London waliripoti matumizi ya buserelini kwenye IVF kuzuia jambo hilo, na mpango mrefu ukaenea kutoka hapo.

Sasa angalia zile siku za mwanzo ambazo homoni zinapanda. Hapo ndipo kuchelewa kwingi kunapoanzia. Yai likishatoka, kifuko lilimokuwa hubaki kwenye ovari kikitoa projesteroni, homoni inayoushikilia utando wa mfuko wa uzazi, na hedhi huja kifuko hicho kinapokauka na projesteroni kushuka. Dawa inapoifanya pituitari imwage LH ya ghafla, kifuko hicho kinapata nguvu ya kuishi siku kadhaa zaidi. Projesteroni haishuki, kwa hiyo damu haiji. Wakati mwingine msukumo huohuo huacha uvimbe wa maji, yaani sisti, kwenye ovari, nayo ikaendelea kutoa homoni.

Sababu ya pili inayoonekana sana ni yai kuchelewa kutoka. Siku ya 21 inamfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Mwenye mzunguko wa siku 35 yai lake hutoka karibu na siku hiyohiyo ya 21, na mwenye PCOS, tatizo la homoni linalovuruga utokaji wa mayai, huenda yai lisitoke kabisa mwezi huo. Huyu akianza sindano kwa hesabu ya kalenda tu, dawa inamkuta katikati ya safari, na hedhi yake haiwezi kufuata tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kuna pia aliyepewa vidonge vya uzazi wa mpango kwa wiki kadhaa kabla ya sindano. Utando wake unaweza kuwa mwembamba kiasi kwamba hakuna cha kutoka. Ataona matone, au asione kitu, na bado yuko tayari kabisa kuendelea. Na kuna uwezekano wa mimba, ambao nitaurudia kwa kirefu.

Mambo mawili ninayoomba uyatue moyoni. Wanawake huambiwa "unawaza sana, ndiyo maana siku zako haziji." Msongo mkubwa unaweza kuchelewesha yai kutoka, ni kweli, lakini yai likishatoka na dawa ikishaingia, mawazo yako hayana uwezo wa kuizuia hedhi. Wala si adhabu ya kitu ulichokula au ulichobeba.

Hatua ya 1: Hesabu upya, kwa kalamu

Weka programu ya simu pembeni, kwa sababu haijui kwamba unatumia dawa. Chukua daftari uandike siku ya kwanza ya hedhi iliyopita (damu nyekundu iliyohitaji pedi, matone ya kahawia usiyahesabu), tarehe ya sindano ya kwanza, na tarehe ya kidonge cha mwisho kama ulipewa vidonge. Andika pia siku yoyote uliyoruka au kuchelewesha sindano.

Hesabu kuanzia sindano ya kwanza. Wengi hupata hedhi kati ya siku ya 7 na ya 14. Kwa hiyo aliye kwenye siku ya 9 hajachelewa, hata kama katika mwezi wa kawaida angekuwa ameshaona damu. Ukifika siku ya 14 bila kitu, sasa unastahili kuita huko ni kuchelewa, na hatua zinazofuata ni zako. Aliyepewa norethisteroni (wengi wanaifahamu kama Primolut-N) ahesabu tangu alipomeza kidonge cha mwisho, na damu huja kwa kawaida ndani ya siku 2 hadi 7. Aliyeanzishiwa sindano siku ya 2 ya hedhi huenda asione damu nyingine, na inatosha kusubiri tarehe yake ya ultrasaundi.

Hatua ya 2: Endelea na sindano, saa ileile

Usiache. Mwenye wasiwasi hujiambia apumzike kidogo mpaka damu ije, na hapo ndipo kazi ya wiki mbili inapopotea, kwa sababu pituitari inaamka. Usizidishe dozi pia ukidhani utaiharakisha hedhi. Umesahau ya jana usiku na umekumbuka leo? Usijidunge mbili kwa pamoja. Piga simu uelekezwe, kisha iandike kwenye daftari.

Halafu kagua kama dawa inaingia kwa kipimo sahihi. Sindano ndogo za insulini zinazotumika sana huwa na alama 100 kwa mililita moja. Buserelini yenye miligramu 1 kwa mililita, dozi ya miligramu 0.5 ni mililita 0.5, yaani alama ya 50. Lyuprolidi yenye miligramu 5 kwa mililita, dozi ya miligramu 1 ni mililita 0.2, yaani alama ya 20. Ona jinsi namba zinavyotofautiana: mgonjwa aliyeelekezwa na rafiki yake anayetumia dawa nyingine anaweza kuvuta kipimo kisicho chake kila usiku. Namba ya kufuata ni ile uliyoandikiwa na kituo chako kwa dawa yako. Inua sindano usawa wa macho kwenye mwanga, gonga kwa kidole mapovu yapande, yasukume nje, ndipo usome alama. Ukiwa na shaka, piga picha ya sindano iliyojazwa pamoja na kichupa, umtumie nesi kabla ya kujidunga.

Uhifadhi nao una neno. Soma kisanduku, kwa kuwa kila dawa ina masharti yake, na nyingi haziruhusiwi kuzidi nyuzi 25. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinavuka hapo mchana kutwa. Dawa isigande kwenye friza, isiachwe kwenye gari, na ukisafiri na basi iende kwenye mfuko wa baridi bila kugusana na barafu. Kama umeme ulikatika kwa muda mrefu, uliza kabla ya kuitumia.

Hatua ya 3: Pima mimba, hata kama unaona haiwezekani

Hapa wengi hukunja uso. "Nesi, mirija yangu imeziba, mimba itatoka wapi?" Nawaelewa. Kupima tena baada ya miaka ya kuona mstari mmoja kunauma. Hata hivyo pima. Sindano zinazoanza siku ya 21 huanza wakati ambao, kama mliingiliana bila kinga, yai linaweza kuwa limesharutubishwa, na wanawake wameshika mimba za namna hiyo. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Dawa za kulaza ovari hazichanganyi kipimo. Kikisema hakuna na damu bado haiji, rudia baada ya siku 2 au 3, au omba kipimo cha damu cha hCG, homoni ya mimba, ambacho huona mimba mapema zaidi.

Mistari miwili ikionekana, piga simu siku hiyohiyo kabla ya sindano inayofuata. Daktari ndiye atakayesema uache dawa lini na kama unahitaji projesteroni. Wanawake walioshika mimba katikati ya sindano hizi wamejifungua watoto wazima, kwa hiyo usikimbilie kujilaumu.

Mwenye mirija yenye matatizo ana jambo la ziada. Mimba yake ina hatari kubwa zaidi ya kutunga nje ya mfuko wa uzazi. Maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, maumivu kwenye ncha ya bega, kizunguzungu au kuzimia, vikiambatana na hedhi iliyochelewa, si vya kusubiri miadi wala kujibiwa kwenye WhatsApp. Nenda hospitali yoyote yenye huduma ya dharura na chumba cha upasuaji, usiku au mchana, useme uko kwenye matibabu ya IVF na hedhi imechelewa. Mirija yenye mimba ikipasuka, damu humwagika tumboni na mtu anaweza kufa ndani ya saa chache.

Hatua ya 4: Piga simu kituoni ukiwa na maelezo kamili

Ujumbe wa "Nesi period haijaja, nifanyeje?" unamlazimu nesi kuuliza maswali sita kabla ya kukusaidia. Andika hivi:

"Habari nesi. Naitwa fulani, faili namba kadhaa. Hedhi ya mwisho ilianza tarehe 3. Sindano ya kwanza ya buserelini nilidunga tarehe 23, kipimo 0.5. Leo nafikisha sindano ya 14, sijaruka hata moja. Sijaona damu wala matone. Nimepima mkojo leo asubuhi, hakuna mimba. Sina maumivu. Naomba kujua kama niendelee na sindano na nije lini kwa ultrasaundi."

Kwa ujumbe huo daktari anaweza kuamua papo hapo. Uliza pia swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: dawa nilizonazo zitatosha kama tutaongeza wiki moja, na kichupa kingine ni bei gani? Ni haki yako kujua mapema.

Hatua ya 5: Ultrasaundi na kipimo cha damu, na jinsi ya kuyasoma majibu

Utapimwa kwa njia ya ukeni, kibofu kikiwa kitupu. Usiahirishe kwa sababu hujaona damu, wala kwa sababu imeanza kutoka asubuhi hiyo; kwa daktari haileti shida yoyote. Kwa aliyefunga Ramadhani, Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokaa Jeddah mwaka 1997 iliona kwamba sindano za tiba zisizo za lishe hazifunguzi saumu, na vivyo hivyo uchunguzi wa kitabibu kupitia ukeni. Muulize shekhe wako, ila usiache dawa kimyakimya.

Daktari anaangalia vitu vitatu. Unene wa utando, ambao vituo vingi hutaka uwe chini ya milimita 5. Ovari, zisiwe na sisti wala vifuko vinavyokua. Na estradioli, yaani estrojeni inayotolewa na ovari, kwenye damu, ambayo hutakiwa kuwa chini, kwa vituo vingi chini ya takriban 50 kwa kipimo cha pikogramu kwa mililita. Maabara nyingine huandika kwa pikomoli kwa lita, na hapo 50 hiyohiyo husomeka karibu 184. Nimeona mtu akilia akidhani homoni zake zimepanda karibu mara nne ya za mwenzake, kumbe tofauti ni ya vipimo tu. Soma herufi zinazofuata namba.

Utando mwembamba, ovari tulivu, estradioli chini: ovari zako zimelala vizuri. Daktari anaweza kukuanzishia sindano za kukuza mayai hata kama damu iliyotoka ni kidogo mno.

Utando bado mnene lakini hakuna sisti: utaendelea na sindano ileile kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki, kisha upimwe tena. Wengine huandikiwa norethisteroni kwa siku chache ili damu ije wakiiacha.

Sisti ipo: swali ni kama inatoa homoni. Estradioli ikiwa chini, sisti ndogo mara nyingi huachwa ilivyo. Ikiwa juu, daktari ataongeza muda wa sindano, au ataivuta kwa sindano nyembamba, kazi inayofanana na kuvuna mayai ila ni fupi. Muulize anachagua ipi na kwa nini.

Kama wiki kadhaa zimepita na ovari hazijalala, daktari anaweza kusimamisha mzunguko na kukubadilishia mpango unaotumia setrorelix au ganirelix, dawa zinazozuia LH moja kwa moja bila ule mpando wa mwanzo. Ni habari nzito kuisikia baada ya kujidunga muda wote huo. Lakini mayai yako hayajaguswa, na kusimama hapa kunagharimu kidogo sana kuliko kuvuna kwa mzunguko uliokwenda kombo.

Usijitibu

Hapa nitasema bila kuzunguka. Usinywe dawa za kushusha hedhi za aina yoyote: mizizi, majani, unga wa kusafisha kizazi, tangawizi iliyochemshwa nzito kwa ajili hiyo, hata ukiletewa na mama mkwe kwa nia njema. Usinunue misoprostoli. Kama kuna mimba ambayo hujaijua, utaitoa mimba uliyoitafuta kwa miaka. Usinunue norethisteroni dukani kwa akili yako pia. Ni dawa ileile wanawake humeza ili hedhi isije wakati wa hija au harusi. Maadamu unaimeza, inazuia damu unayoisubiri.

Kichwa kikiuma, parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2, inatosha, usizidi vidonge 8 kwa saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni uliza kwanza. Maumivu ya kichwa yasiyoachia, au yanayokuja na macho kuona ukungu, mpigie daktari.

Kuishi na siku za kusubiri

Kadiri sindano zinavyoendelea, estrojeni inashuka na mwili unaingia hali inayofanana na ukomo wa hedhi: joto linapanda kifuani na usoni ghafla, jasho usiku, usingizi wa mang'amung'amu, machozi bila sababu, ukavu ukeni. Hali hiyo inaisha ukianza kukuza mayai. Lala na kanga ya pamba, weka nyingine kavu karibu na mto, na upunguze chai na kahawa ya jioni. Mweleze mumeo kwamba hasira hizi zina chanzo chake kwenye kichupa kilicho kwenye friji. Mpe kazi halisi: awe mkumbushaji wa sindano ya saa mbili usiku, na awe yeye anayejibu ndugu wanaouliza mmefikia wapi.

Anayetoka mbali, tuseme Mwanza kwenda Dar es Salaam au Kisumu kwenda Nairobi, asilipe nyumba ya kulala wageni kwa wiki za kukuza mayai kabla ya ultrasaundi kusema tayari. Muulize daktari kama ultrasaundi ya kwanza inaweza kufanyika hospitali ya mjini kwako na majibu yakatumwa. Kazini omba ruhusa kwa maneno ya "tarehe zinaweza kusogea kwa wiki moja au mbili", ili usilazimike kueleza tena. Na sindano za kukuza mayai ulizokwisha kununua zisichanganywe wala kufunguliwa.

Damu ikija

Siku ya damu nyekundu inayohitaji pedi ndiyo siku ya 1. Piga simu siku hiyo. Inaweza kuwa nzito na yenye mabonge kuliko ulivyozoea. Ukilowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, nenda hospitali.

Na sindano ya kulaza ovari usiiache kwa sababu hedhi imekuja. Inaendelea sambamba na za kukuza mayai mpaka utakapoambiwa kuacha, karibu na siku ya kuvuna. Vituo vingi hupunguza dozi kwa nusu wakati huo, kwa hiyo aliyekuwa akivuta mpaka 50 anaweza kuambiwa 25, na wa 20 akaambiwa 10. Mwombe nesi akuandikie namba mpya kwenye karatasi, ibandike kwenye mlango wa friji, na ile ya zamani uichane.